Sura Kwenye Fulana

Baba yake Sander alishuka kwenye teksi Jumamosi mchana, mbele ya macho ya majirani wote wa mtaa wa juu wa Manrique, Medellín, akiwa amemvaa kifuani mtu aliyesababisha kaka yake Nubia auawe.

Nubia alikuwa amesimama mlangoni na aproni mpya, mikono imejaa unga wa mahindi, tabasamu lipo tayari usoni. Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alijiandaa mgeni asipende maharage, aishiwe pumzi kwenye ngazi, akute maji yamekatika. Kwa fulana hakujiandaa. Na huyo Wim, maana ndivyo alivyoitwa, hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Mholanzi wa kimo cha mlango, mpana hivi kwamba ile sura iliyochapwa kifuani pake, yenye masharubu na nywele zilizochanwa upande, ilipata nafasi ya kutanuka kuliko mwenyewe alivyowahi kutanuka akiwa hai.

Nyumbani kwa Nubia jina la mtu huyo, bwana mkubwa wa dawa za kulevya, halikutajwa. Wakilazimika walisema "yule", na hapakuwa na mtu aliyeuliza yule yupi.

Yurani, binti yao, alishukia upande wa pili wa teksi pamoja na mchumba wake Sander. Alipozunguka na kumwona vizuri baba mkwe wake mtarajiwa, alisimama kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha pasi ikiwaka nyumbani.

"Alikuwa amevaa koti," alimnong'oneza mama yake walipokumbatiana. "Mama, naapa, tangu hotelini alikuwa na koti. Si mvua ilikuwa inanyesha?"

"Mvua imekwisha," Nubia alisema, tabasamu likiwa palepale.

Wim alikuwa amekwisha kumfikia Evelio, mumewe Nubia, fundi friji mwembamba mwenye miwani, ambaye siku hiyo alikuwa amekataa kazi mbili ili akae nyumbani avae tai. Alimpiga Evelio begani kwa kiganja kama sufuria, akamwambia kwa Kihispania:

"Mambo vipi, bosi? Mzigo umefika salama."

"Mzigo gani?" Evelio aliuliza, akitazama buti la teksi.

"Mimi. Mzigo ni mimi," Wim alisema, akacheka mpaka yule mwenye masharubu akatikisika tumboni.

Sander alieleza kwa fahari, huku akimlipa dereva, kwamba baba yake alikuwa amejifunza Kihispania mwaka mzima kwa ajili yao. Tangu mama yake afariki, mzee alikuwa peke yake jioni, na badala ya kukaa na huzuni alikuwa akitazama tamthilia ya runinga, ile maarufu inayohusu Kolombia, akisimamisha kila dakika na kurudia maneno kwa sauti. Hakukosa hata sehemu moja. Kwa hiyo mzee Wim aliyefundisha jiografia maisha yake yote, mtu aliyefuga njiwa na kusuka sweta, alikuwa anazungumza Kihispania cha majambazi, kwa upole kabisa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la jirani yao Fabiola, pazia lilisogea, likarudi.

*

Walimkaribisha sebuleni. Wim alikaa kwenye kochi lote. Aliisifu nyumba, akasema ni maficho mazuri. Alimsifu Evelio kwa kuwa na mke mzuri, akamuuliza kama kuna mtu yeyote anayemsumbua, kwa sababu mtu kama huyo anaweza kushughulikiwa. Evelio alisema hapana, asante, labda tu wale wa kampuni ya maji. Wim alikubali kwa kichwa, kwa uzito, kana kwamba ameliandika hilo mahali.

Nubia alipoleta glasi ndogo za pombe ya anisi, Wim aliona unga kwenye vidole vyake. Macho yake yalimetameta. Alinyoosha kidole, akagusa pua yake, akavuta hewa kwa kelele.

"Aha. Unga wa Kolombia."

Yurani ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka haraka, kabla hata mzaha haujatua, kama mtu anayewahi kufungua mlango kabla hajabishiwa hodi. Sander akacheka kwa sababu Yurani amecheka. Evelio akacheka kwa sababu ana tai. Nubia aliipangusa mikono yake kwenye aproni, mmoja baada ya mwingine, akasema ngoja akaangalie chungu.

Hakuangalia chungu. Alisimama jikoni akiangalia ukuta, na hapo simu ikalia.

"Nubia, nimeona," ilisema sauti ya Fabiola.

"Umeona nini?"

"Usinifanye mjinga. Nina macho."

"Mama yuko wapi?"

"Hapa kwangu, chini ya kikausha nywele, hasikii kitu. Nilikuwa nimemaliza, lakini nilipomwona mtu wenu anashuka na lile dude kifuani nikamwambia nywele za nyuma hazijashika. Nimemfunga rola upya. Analalamika kichwa kinaungua."

Mama yake Nubia, bibi Tulia, alikuwa amekwenda kutengenezwa nywele ili ampokee mgeni akiwa anaeleweka. Mwezi mmoja tu nyuma asingekuwa tatizo. Mwezi mmoja nyuma alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na angeweza kupishana na yule mwenyewe mlangoni akamsalimia kama paroko. Lakini familia ilikuwa imehangaika mwaka mzima kumtafutia daktari, na daktari alikuwa amefanya kazi nzuri. Siku hizi bibi Tulia alikuwa anasoma bei za nyama akiwa upande wa pili wa barabara, na kuzipinga.

"Mshikilie nusu saa," Nubia alisema.

"Nusu saa naweza. Zaidi ya hapo atatoka na rola zake kichwani, unamjua." Fabiola alishusha sauti. "Na huyo mgeni, anajua?"

"Hajui chochote."

"Basi," Fabiola alisema, na ilionekana kama angeongeza neno, lakini akakata simu.

*

Nubia alimwita binti yake jikoni. Evelio alifuata mwenyewe, kwa sababu alimwogopa Wim kidogo.

"Mwambie avue," Nubia alisema.

"Mama, nitamwambiaje mtu avue nguo?"

"Mwambie kwa nini. Si mtu mbaya, naona. Ana roho kama ya ng'ombe. Mwambie mjomba wako aliuawa na watu wa huyo aliyembeba kifuani, na bibi yako yuko njiani anakuja kula. Atavua."

Yurani alichukua kipande cha ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, akakirudisha kwenye sinia bila kukila.

"Siwezi. Hawajui."

"Hawajui nini?"

"Habari za mjomba Arnulfo. Niliwaambia ilikuwa ajali ya pikipiki."

Nubia alipunguza moto chini ya maharage.

"Ajali," Nubia alirudia.

"Mama, usinitazame hivyo. Unajua nilivyopokelewa siku ile ya kwanza uwanja wa ndege kule kwao? Nilikwambia walinichelewesha. Hawakunichelewesha. Walinitoa kwenye foleni mimi peke yangu, wakaniweka chumbani, wakanipiga picha ya tumbo. Haikuwatosha. Wakanikalisha mpaka niende haja, na afisa akasimama mlango ukiwa wazi, amevaa glavu. Nilikuwa nakwenda kusomea uuguzi, nina barua na kila kitu. Waliponiachia hakuna aliyeniambia pole." Yurani alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana, kwa sababu kochi lilikuwa nyuma ya ukuta. "Baada ya hapo nikajifunza. Mtu akiuliza natoka wapi, nikijibu, anagusa pua. Kila mtu. Profesa, mgonjwa, muuza samaki. Ukikasirika, wewe ndiye huna ucheshi. Kwa hiyo nacheka kwanza. Na Sander aliponiuliza habari za familia, nilitaka kitu kimoja kiwe cha kawaida. Kwao watu hufa kwa ajali. Nikasema ajali."

Nubia alikuwa na maneno mengi mdomoni, baadhi yake makali. Mwaka aliouawa Arnulfo ndio aliokuwa na mimba ya huyu huyu Yurani, na alikuwa amelia hivyo hivyo na tumbo lake mpaka mkunga akamwonya kwamba mtoto atazaliwa na chumvi. Lakini alimwangalia binti yake, mwanamke mzima aliyekuwa anabonyeza ukingo wa sinia kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la pili, na makali yakapungua.

"Mimi nina wazo," Evelio alisema.

Wote wawili walimgeukia. Halikuwa jambo la kawaida.

"Jezi yangu ya Nacional. Ya mwaka ule tulipochukua kombe. Si mnajua nilinunua katika vurugu zile, nikabeba iliyokuwa karibu, nikafika nyumbani nikakuta inatosha watu wawili? Tumpe zawadi. Ataivaa kwa heshima. Hakuna atakayeaibika, na mama hataona kitu."

Jezi hiyo Evelio alikuwa hajawahi kumruhusu mtu kuifua ila yeye mwenyewe. Nubia alimtazama mumewe na kukumbuka, kama alivyokumbuka mara chache kwa mwaka, kwa nini aliolewa naye.

"Kailete," alisema.

*

Wazo lilikuwa zuri kuliko lilivyotekelezwa. Evelio aliikabidhi jezi ya kijani kwa mikono miwili, akatoa hotuba fupi kuhusu undugu. Wim aliguswa. Macho yalimlengalenga. Alisimama palepale sebuleni, akaivua fulana yake mbele ya watu wote, na tumbo jeupe kama donge la unga likajitokeza, Nubia akaanza kukagua dari. Jezi ilimbana, lakini iliingia. Sander alipiga makofi. Yurani alishusha pumzi kama mtu aliyevuka barabara kubwa.

Kisha Wim akamnyooshea Evelio ile fulana.

"Sasa wewe, bosi. Kama wachezaji baada ya mechi."

Evelio aliitazama. Alisema hapana, haiwezekani, ni nguo nzuri mno. Wim akasema ndiyo. Evelio akasema mzee atapata baridi, anahitaji nguo ya kubadilisha. Wim akasema, kwa neno alilolijua vizuri kutoka kwenye tamthilia, kwamba kukataa zawadi ya rafiki ni tusi, na watu wamezikwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Akacheka. Sander alikuwa ameshatoa simu yake tayari kupiga picha.

Evelio alimtafuta mkewe kwa macho. Nubia alijua kwamba alipaswa kusema kitu, na kwamba likitoka neno moja yatatoka yote. Alimtazama Yurani. Yurani alitikisa kichwa kidogo sana. Basi Nubia akaanza kukusanya glasi, na Evelio akavua tai, akavua shati lililopigwa pasi, akamvaa yule.

Fulana ilimfika karibu na magoti. Yule mwenye masharubu alikunjamana tumboni, akawa kama anatabasamu kwa upande mmoja. Wim alimkumbatia Evelio kwa mkono mmoja, Sander akasema mkae hivyo hivyo, na mlango wa mbele ukafunguliwa, kwa sababu nusu saa ilikuwa imekwisha na Fabiola alikuwa mtu wa ahadi.

Bibi Tulia aliingia ameshikwa mkono na Fabiola, nywele zake nyeupe zimesimama kama povu la sabuni, hereni masikioni, midomo imepakwa rangi. Alimwona kwanza mgeni, maana hakuna ambaye angeweza kumwona mwingine kwanza, na uso wake ukafunguka.

"Huyo ndiye? Mama wee, wamemlisha huyo." Kisha akageuza yale macho yake mapya upande wa mkwe wake.

Fabiola, nyuma yake, alishika kichwa.

Bibi Tulia aliangalia kwa muda mrefu. Alisogea karibu, kama alivyosogelea bei za nyama, akaangalia tena.

"Evelio," alisema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Vua hiyo nguo, mwanangu, kabla sijakuvunjia heshima mbele ya wageni."

Evelio aliivua kwa haraka hivi kwamba miwani iliruka ikaangukia kwenye sahani ya karanga. Alibaki na fulana ya ndani, mikono imekumbatia kifua.

"Nani ameileta humu?"

Wim hakuwa ameelewa maneno yote, lakini alikuwa amefundisha watoto miaka mingi na alijua chumba kinavyokuwa mtu akiwa ameharibu. Alinyanyua mkono, kama mwanafunzi.

"Mimi, bosi," alimwambia bibi Tulia. Hilo ndilo neno la heshima alilokuwa nalo.

*

"Muulize kwa nini," bibi Tulia alimwambia mjukuu wake. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkoba mapajani. Fabiola alibaki amesimama karibu na mlango.

Yurani aliuliza. Wim alijibu kwa lugha yake, polepole, uso umekuwa mwekundu.

"Anasema karibu na hoteli kuna meza zinauza. Fulana, vikombe, mpaka vishikio vya funguo. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akamwambia huyu ndiye mwana wa Medellín anayejulikana kuliko wote. Anasema alitaka kufika kwenu akiwa amevaa kitu cha kwenu. Alidhani mtafurahi."

"Mwambie nilikuwa na mtoto wa kiume," bibi Tulia alisema. "Mwambie aliuawa kwa amri ya huyo."

Wim alikuwa anasubiri. Yurani angeweza kumwambia chochote. Angeweza kusema bibi hapendi siasa, bibi anaumwa, bibi anataka tule. Sander, aliyekuwa anaelewa Kihispania cha kutosha, alikuwa ameshateremsha simu na anamtazama mchumba wake.

"Si ulisema pikipiki?" aliuliza taratibu.

"Nilisema uongo," Yurani alimjibu. Kisha akamgeukia Wim, akamtafsiria maneno ya bibi yake, yote, na hakucheka hata kidogo.

Bibi Tulia hakuwa mtu wa hotuba. Alisema Arnulfo alikuwa mwoga wa mbwa, na aliingia polisi kwa sababu walikuwa wanatoa viatu. Alisema mwaka ule polisi waliwekewa bei, kila kichwa na bei yake, na wavulana wa mitaa hii walikuwa wanakwenda kuchukua pesa wakionyesha gazeti lenye habari ya kifo. Arnulfo alikuwa akitoka nyumbani na nguo za kiraia, sare ameiweka ndani ya mfuko, juu yake viazi. Sare zake yeye bibi alizianika chooni, nyuma ya mlango, zisionekane juu ya paa, na hazikuwa zinakauka vizuri, kwa hiyo kijana alikuwa ananuka ukungu na wenzake walimtania. Asubuhi moja alikwenda kununua maziwa. Ni hapo tu, kwenye kona.

Yurani alikuwa anatafsiri sentensi kwa sentensi. Ilipofika habari ya bei, Wim alisema kitu kwa sauti ya chini, akajikatiza.

"Amesemaje?" Nubia aliuliza.

Yurani alimwangalia bibi yake. "Anasema hilo alilijua. Aliliona kwenye tamthilia, polisi wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Anasema alikuwa anakula mkate huku akirudia maneno."

Bibi Tulia alikubali kwa kichwa, kana kwamba ndivyo alivyodhani watu wanavyofanya huko.

"Ungemwambia na hilo lingine," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Fabiola. Alikuwa anachezea kitana mfukoni mwa aproni yake ya saluni.

"Hilo ni lako, Fabiola. Si langu kulisema."

"Basi nitalisema." Fabiola alimtazama yule mgeni mkubwa aliyebanwa na jezi ya kijani. "Yule aliyempiga risasi alikuwa mwanangu. Wilmar. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa anakula maharage kwenye meza hii, Arnulfo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Walimpa hela ya kununua pikipiki. Hata Krismasi haikumkuta akiiendesha, wakammaliza wao wenyewe ili asiseme aliyemlipa."

Yurani, ambaye alizaliwa akaukuta ukimya huo umeshatandikwa barabarani kati ya nyumba mbili, alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo likisemwa kwa sauti. Alijua, kama watoto wanavyojua. Alilitafsiri kwa shida, na mwishoni Sander alimshika mkono.

Wim alimtazama Fabiola, akamtazama bibi Tulia na zile nywele zake zilizotoka kwenye mikono ya Fabiola saa hiyo hiyo. Alijaribu kusimama, akaona amekuwa mrefu mno, akakaa tena. Alianza kusema kwa Kihispania. Alianza mara mbili. Nubia, aliyekuwa amemkasirikia tangu saa sita mchana, aliona kitu cha ajabu: mzee alikuwa anatafuta neno na neno halikuwepo. Alikuwa na maneno ya kutisha na ya kujigamba, alijua kuagiza mzigo na kumlaza mtu chini. Katika sehemu zote zile, jioni zote zile za upweke, hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye tamthilia aliyeomba radhi.

Alimgeukia Yurani kuomba msaada, lakini Yurani alikuwa amefunika uso kwenye bega la Sander.

Ni Fabiola aliyempa. Alivuka sebule, akasimama mbele yake, akalitamka neno polepole, silabi kwa silabi, kama anayefundisha mtoto.

"Ni-sa-me-he."

"Nisimehe," Wim alisema.

"Nisamehe."

"Nisamehe."

"Anasema nini?" bibi Tulia aliuliza, akigeuza sikio lake zima.

"Anasema nisamehe, mama Tulia."

"Aseme kwa nguvu, sisikii. Asiogope. Hata wewe, Fabiola, siku ile ulianza kwa kunong'ona."

Wim alisema kwa nguvu. Alisema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma, na mtaani mtu akasimamisha pikipiki yake kuangalia kuna nini.

"Haya," bibi Tulia alisema. "Sasa Nubia mpe chakula, nyama inakauka. Fabiola, vuta kiti, usitusimamie kama askari wa benki."

Nubia alipakua. Evelio alikwenda kuvaa shati, akarudi amefunga vifungo kombo. Fulana hakuna aliyejua ilipokwenda. Nubia aliiona baadaye ndani ya pipa la taka, chini kabisa, chini ya maganda ya ndizi, na alijua ni nani aliyejipinda mpaka huko kwa sababu mlango wa jikoni ulikuwa na alama ya mkono mkubwa wenye mafuta.

Mezani Sander alimwuliza Yurani jambo kwa lugha yao, na Yurani akamjibu kwa muda mrefu, akionyesha tumbo lake, kisha glavu, kisha mlango. Sander aliacha kula. Nubia hakuelewa hata neno moja na alielewa yote.

Wim hakutumia tena neno lolote la runinga siku hiyo. Alipotaka chumvi aliionyesha kwa kidole, Fabiola akamtajia, akarudia. Akaonyesha maji. Akaonyesha kijiko, parachichi, maharage. Bibi Tulia alianza kufurahia mchezo, akamsahihisha kwa kugonga meza kila alipokosea, na Evelio akamfundisha neno la friji ambalo hakuna aliyeliomba. Wakaenda hivyo kitu baada ya kitu mpaka mezani pakaisha vitu.

Hapo Wim aliinua macho, akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya mvulana mwenye mshumaa wa komunyo ya kwanza na masikio makubwa.

Fabiola alimtazama bibi Tulia. Bibi Tulia aliweka kijiko chini, akajipangusa midomo.

"Arnulfo," alisema.

Wim alijaribu. Jina lilikuwa gumu katikati, ulimi ulimteleza. Bibi Tulia aligonga meza. Akajaribu tena, akagongewa tena, na hakuna aliyemharakisha. Walimsubiri wote, mpaka akaliweza.